Kilichoishi Chini ya Kizibo

Mama yangu ana sheria moja ya jikoni ambayo hajawahi kuilegeza: kilichochemka kimekufa. Maji ya bomba yanayoshuka Rukanga kutoka mlima Kasigau huchemshwa kwake mpaka kifuniko kicheze, halafu kinaachwa kiendelee kucheza, kwa sababu, asemavyo, wapo wadudu wakaidi. Maziwa hali kadhalika. Tulipokuwa wadogo, aliyekunywa maji kabla hayajachemshwa alijua atakachokipata. Sikuwahi kuugua tumbo utotoni, na mama hajaacha kunikumbusha ni kwa nini.

Kwa hiyo ilinibidi nijipange siku ya kumweleza kwamba chuo kimenikubali kwa shahada ya pili, na kwamba kazi yangu itakuwa kuchunguza vijidudu vinavyoishi ndani ya maji yanayotokota. Alikuwa anapepeta pojo uani. Hakuacha kupepeta.

"Yanatokota kabisa?"

"Kabisa, mama. Kule Bogoria maji yanatoka ardhini yakiwa moto hivyo. Ukitia yai linaiva."

"Na hao wadudu wako hai?"

"Wako hai. Hapo ndipo kwao. Ukiwatia kwa maji baridi ndio wanateseka."

Alipeperusha makapi, akatazama pojo zake, kisha akanitazama mimi. "Basi hayo maji hayajachemka vizuri," akasema.

Sikukasirika, ingawa mimi ni mwepesi wa kukasirika. Siku hiyo nilikuwa nimejaa maringo hadi pomoni. Upande wetu wa Kasigau wametoka walimu, wauguzi, mafundi na askari wa wanyamapori, lakini mtu wa kusoma DNA ya vijidudu nilikuwa sijamsikia. Nilienda dukani bila kuwa na cha kununua, nikitafuta tu wa kunisalimia ili aniulize siku hizi ninasomea nini.

Maabara yetu iko Voi. Ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya wavu, na joto la Voi halisubiri kukaribishwa. Stima ikipotea tunafungua milango yote na kungoja. Wengi hudhani kazi ya DNA lazima ifanyiwe Nairobi au ng'ambo, mahali penye sakafu za kung'aa. Sisi tuliifanya tukisikia treni za mizigo zikipita na malori ya barabara ya Mombasa yakipiga honi. Mashine yenyewe inatosha kiganjani, unaichomeka kwenye kompyuta tu. Nilipoishika mara ya kwanza nilicheka, maana nilikuwa nimetarajia kitu cha kubebwa na watu wanne.

Aliyenifundisha kuitumia alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa Voi ambaye wazee wake walitoka Mombasa, mwenye mikono mitulivu na ulimi usiotulia. Alinieleza kazi yote kwa pumzi moja. DNA ni maandishi ya herufi nne, na kila kiumbe ana andiko lake. Mashine inauvuta uzi wa DNA kupitia kitundu kidogo sana na kompyuta inaandika herufi zinavyopita. Kisha unalipeleka andiko kwenye maktaba kubwa iliyo mtandaoni, ambako watafiti wa dunia nzima wameweka ya kwao, unauliza: huyu anajulikana? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Likiwa hapana, mtu huinuka kitini.

Kutoka Bogoria tulitaka maji ya namna mbili. Kwanza, vichupa vidogo vya kuwekwa kwenye barafu papo hapo, ili tusome DNA ya kila kilichokuwa majini. Pili, maji ya kubaki moto njia nzima, kwa sababu tulitaka pia kuvikuza vijidudu vikiwa hai, na kwavyo baridi ni msiba. Kwa haya ya pili kulikuwa na sanduku la kupasha joto linalotumia umeme wa gari. Wiki ya safari likaungua.

"Mama yangu ana chupa za chai zinazotunza moto siku nzima," nikamwambia msimamizi wangu, bila kufikiri sana.

Anazo mbili, kubwa, zenye maua mekundu, na si chupa za kuchezea. Zimebeba chai kwenye matanga, kwenye mahari, kwenye harambee za shule, na mara moja kwa askofu. Huyo askofu hutajwa kila chupa zinapotajwa. Niliziomba zote mbili. Ya kwanza ingebeba maji ya Bogoria. Ya pili ingebeba maji matupu ya maabara, ziende pamoja na zirudi pamoja. Hiyo ya pili ndiyo ya kulinganisha: ukikuta kitu kwenye maji matupu, unajua kimetoka kwenye chupa au mikononi mwako, wala si kwenye chemchemi. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu.

"Chukua moja," mama akasema. "Nyingine ni ya wageni."

"Mama, ni siku nne tu."

"Siku nne wageni hawaji?"

Nikachukua moja. Aliisugua kwa majivu, akaisuuza mara tatu kwa maji ya kutokota, akanusa ndani, akanipa na mimi ninuse. "Imechemka," akasema. "Hakuna kitu humo."

Nami nikaamini. Hapa nataka msomaji anicheke sawasawa. Mimi, mwanafunzi wa vijidudu visivyokufa kwa maji ya kutokota, nilipokea chupa iliyosuuzwa kwa maji ya kutokota nikasema ni safi. Angeniambia hivyo profesa ningembishia mpaka jioni. Lakini aliyesema ni mama, na sauti yake iliniingia kabla ya masomo yote.

Bogoria nilisimama katika mvuke na viatu vya mpira, nimefunga kikombe cha chuma kwenye fimbo ndefu, nikichota maji yanayoruka ardhini kwa hasira. Miwani ilijaa ukungu. Nilijaza vichupa vya barafu, kisha nikajaza chupa ya mama, nikakaza kizibo. Njia nzima ya kurudi, hata ndani ya treni kuja Voi, niliipakata. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliniuliza kama chai imebaki.

Maji yale tuliyagawa, na chupa nikairudisha kwa mama. Sehemu tuliiweka kwenye joto la nyuzi themanini na tano, karibu na lile la chemchemi yenyewe, na hakikuota kitu. Sehemu tuliiweka kwenye sitini. Baada ya siku mbili hii ya sitini ilikuwa na weupe kama maji ya kuoshea mchele: kulikuwa na kiumbe na alikuwa anazaana. Msimamizi wangu, mzee mpole wa Machakos, alikuna kidevu. Alisema huenda ametoka ukingoni, maji yanakopoa. Nilimsoma kiumbe huyo kwenye mashine, nikauliza maktaba. Jibu likaja: wapo jamaa zake wa mbali, lakini yeye mwenyewe hayupo.

Niliinuka kitini. Nilitoka nje nikampigia mama simu.

"Nimepata mdudu ambaye dunia haimjui!"

"Anadhuru watu?"

"Hapana."

"Basi Mungu asifiwe," akasema, na Jumapili hiyo hiyo mchungaji wa Rukanga akatangaza kanisani, na waumini wakasimama kumshukuru Mungu kwa mdudu wa binti yao aliyepatikana Bogoria. Mama alipeleka kitambaa kwa fundi cherehani ashonewe gauni la mahafali yangu, la zambarau. Mimi nami nilitembea Voi nikiwa nimeinua shingo. Sikuwa na haraka ya kuishusha.

Vichupa vya barafu vilikuwa vimekaa muda wote huo, kwa kuwa dawa za kuviandalia zilichelewa kufika. Zilipofika, nilivisoma. Nilikuta umati mzima wa vijidudu vya chemchemi, vingi vikijulikana, vingine havijulikani. Wangu hakuwamo. Nikarudia, nikaangalia kichupa kwa kichupa. Hakuwamo hata kwa herufi.

Fundi wa maabara alikuwa nyuma yangu. Alivuta kiti, akafungua orodha ya kila kilichosomwa kwenye maji ya chupa siku ile ya kwanza, pamoja na vile vipande vidogo vidogo ambavyo mimi niliviruka nikiviita makombo.

"Hebu njoo utazame, mwanangu," akasema. "Hapa pana majani ya chai. Na hapa pana ng'ombe." Alinigeukia taratibu. "Sasa niambie, huko Bogoria wanatia na tangawizi?"

Niliona uso unaniwaka. Nilimjibu vibaya, nikamwambia hayo ni makosa ya kompyuta, nikatoka nikaenda kusimama chini ya mwarobaini karibu na lango. Niliporudi alikuwa anaosha vyombo. Hakunisuta. Alisema tu, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nenda kwenu ukaitazame hiyo chupa."

Nilienda Rukanga na vijiti vya pamba ndani ya karatasi safi. Mama alivitazama, akavijua kabla sijasema.

"Umekuja kupima usafi wangu."

"Si usafi, mama. Nataka tu kujua kama yule mdudu..."

"Mimi! Mimi niliyempa askofu chai! Umesoma mpaka umefika mahali pa kusema mama yako ni mchafu?"

"Sijasema mchafu."

"Hivyo vijiti vimesema."

Sikupewa chai siku hiyo. Kwa mama yangu hiyo ni hukumu, na haina rufaa. Alikaa mlangoni amenipa mgongo huku mimi nikiipangusa chupa: ndani, mdomoni, juu ya kizibo. Mwishowe nilichukua kisu, nikaubandua ule mpira mwembamba unaozunguka kizibo, ambao sidhani kama uliwahi kubanduliwa tangu chupa itoke dukani. Chini yake kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa.

Mama alikuwa amegeuka. Aliuona. Alikuja karibu, akainama, akatazama kwa muda, hasira imemtoka yote.

"Hapo mkono haufiki," akasema polepole.

Nilitamani kumkumbatia, lakini nilikuwa nimeshika kijiti.

Nilirudi Voi nikakisoma. Alikuwa yeye, herufi kwa herufi. Yule mdudu wa Bogoria hakuwahi kuiona Bogoria kabla sijampeleka. Alikuwa mkazi wa Rukanga, ameishi chini ya mpira wa kizibo miaka mingi, akipashwa joto asubuhi na jioni, akila maziwa na sukari. Mbegu zake hustahimili kutokota, hujifunga ndani ya ganda na kungoja. Chai ikipoa kidogo hufunguka na kuendelea na maisha. Mama alikuwa akichemsha kila kitu ili asife mtu, na kwa kuchemsha huko akawa amemtengenezea mmoja makao.

Siku tatu zilizofuata sizisahau. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa, imebaki kutumwa, na mahafali hayakuwa mbali. Waliojua ni mimi na fundi wa maabara, na yeye aliniambia wazi, "Mimi sitasema. Lakini mashine imeshasema." Ningenyamaza, kiumbe angeitwa wa Bogoria na mimi ningevaa joho. Ningesema, ningechelewa mwaka mzima, gauni la zambarau lingebaki kwenye sanduku, na habari za jikoni kwa mama zingeandikwa ndani ya tasnifu ili watu wenye miwani wazisome. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Ningeweza kuandika "chupa moja ya chai" bila kutaja ya nani, lakini Rukanga nzima ilijua mimi nilibeba chupa ya nani.

Siku ya nne nikaenda kwa msimamizi wangu nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukubeba chupa ya kulinganisha?"

"Mama alikataa kutoa ya pili, mwalimu. Alisema ni ya wageni."

Alivua miwani, nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka, mabega yakitikisika. Alipotulia akaniambia maneno ambayo bado yananipa joto: kwamba amesimamia wanafunzi wengi, na waliokuja wenyewe kubomoa nyumba yao ni wachache. Kisha akakumbuka kazi. Kiumbe huyu bado hayupo maktabani, alisema, kilichobadilika ni anwani yake. Lakini chupa moja si ushahidi. Nitafute chupa za nyumba nyingine, Rukanga, Makwasinyi, kote kuzunguka mlima, na safari hii nibebe ya kulinganisha. Ndiyo, nitachelewa mwaka.

Jumamosi nikarudi nyumbani kumwambia mama. Nilimweleza jikoni, mimi nikimenya mihogo ya kimanga, chakula chetu cha kuponda, na yeye akichochea moto. Nilimwambia mahafali hayapo mwaka huu. Nilimwambia mdudu ni wake. Nilimwambia pia kwamba nitahitaji wanawake wengine wanipe chupa zao, na kwamba sijui nitaanzia wapi, kwa sababu nani atakubali kuonekana mchafu? Alinimiminia chai kutoka ile chupa ya wageni, akaenda kulala. Nilibaki nikijiuliza kama nimemvunja moyo.

Asubuhi alitoka chumbani amevaa gauni la zambarau.

Nilishangaa, nikamuuliza kama amesahau. "Sijasahau," akasema. Kwenye kikapu chake, chini ya leso, kulikuwa na Biblia na chupa ya maua mekundu.

Kanisani, matangazo yalipofika, alisimama kabla ya kuitwa. Mama yangu si msemaji wa hadharani. Alishika benchi la mbele kwa mkono mmoja.

"Mlimwombea mdudu wa binti yangu mkijua ametoka Bogoria," akasema. "Hakutoka Bogoria. Ametoka kwangu. Alikuwa chini ya kizibo cha hii chupa, na nyinyi wote hapa mmekunywa chai yake."

Mzee mmoja alikohoa.

"Hajaua mtu," mama akaendelea. "Mmekunywa miaka yote, nani amekufa? Lakini huyu mtoto angeweza kunyamaza, na hakunyamaza. Amekubali kuchelewa masomo kuliko kudanganya. Sasa anataka kuona chupa zenu na nyinyi. Kama kuna mama hapa anayejua kizibo chake ni kisafi kuliko changu, asimame."

Hakusimama mtu. Kisha kicheko kikaanzia upande wa kina mama, kikazunguka mpaka kwa mchungaji, naye akainamisha kichwa kujaribu kukificha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia, na sioni haya kuandika hivyo. Nimewahi kujivunia mengi, mengine kabla sijayastahili, lakini sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea mama yangu asubuhi ile, amesimama ndani ya gauni la mahafali ambayo hayakuwepo, akitangaza jikoni kwake.

Baada ya ibada kina mama walinizunguka. Mmoja alisema chupa yake nije niichukue jioni, mwingine alitaka kujua kama za plastiki zinahesabiwa, na jirani yetu aliyeolewa Makwasinyi akaahidi kuwaambia wenzake wote wa huko. Nilitoa daftari na vibandiko nianze kuwaandika. Mama aliwapenya kwa kiwiko.

"Yangu iwe ya kwanza," akasema. "Na ile ya wageni iko nyumbani, hiyo utaibebea maji matupu."

Nikaandika 1 kwenye kibandiko, nikakibandika juu ya maua mekundu. Nilipoinua chupa niliona ni nzito. Alikuwa ameijaza chai.